Tutarudi siku moja: siku nne katika bonde la Tyneham

Siku ya kwanza, Ijumaa

Tumeondoka Southampton saa tatu asubuhi, mimi na mtoto wa kaka yangu, ambaye ni muuguzi huko na amechukua likizo ya siku nne kwa ajili yangu. Kabla hata hatujatoka mjini aliuliza tena swali lake la wiki nzima.

"Shangazi, watu wakija Uingereza wanataka London. Wewe kweli unataka magofu?"

"Baba, London nimeiona kwenye televisheni tangu ujana wangu. Nipeleke nilikokwambia."

Miaka mingi nimefundisha shule ya msingi. Siku moja niliona picha ya darasa dogo la kijijini Uingereza: madawati yamepangwa, ubao ukutani, na misumari ya kutundikia makoti ikiwa bado na majina ya watoto chini yake. Mtoto hakuna hata mmoja, na kijiji chenyewe hakina mtu. Picha ile haikunitoka. Kitongoji kinaitwa Tyneham. Kiko kusini kabisa mwa Uingereza, mkoa wa Dorset, katika bonde lililofichwa kati ya vilima na bahari.

Tumefikia Wareham, mji mdogo ulio kati ya mito miwili. Mji huu umezungukwa pande tatu na boma la udongo lililojengwa zama za mfalme Alfred, zaidi ya miaka 1,100 iliyopita, baada ya Wadenmaki kuuteka mji mwaka 876. Leo watu wanatembeza mbwa juu yake. Jioni tumelizunguka lote. Baridi ya Oktoba ilikuwa imeanza kuuma, na magoti yangu yalinikumbusha umri.

Mama mwenye nyumba ya wageni aliposikia tunakokwenda aliuliza kwanza kama tumehakikisha lango litakuwa wazi. Bonde lote ni eneo la jeshi la kulenga shabaha kwa vifaru, na raia huruhusiwa kuingia wikiendi nyingi na sikukuu tu. Halafu akasema, huku akimimina chai, kwamba baadhi ya watu wa Tyneham walihamishiwa Sandford, hapo jirani tu na Wareham. Alinyoosha kidole dirishani. Nilitazama kule alikoonyesha nikaona taa za nyumba za kawaida, zilizo karibu sana na bonde lao.

Siku ya pili, Jumamosi

Barabara inapanda mpaka kwenye mgongo wa vilima, na huko juu tulisimamisha gari. Upande wa kaskazini, kwenye nyanda za nyasi, kulikuwa na vifaru vibovu vyenye kutu vilivyowekwa kuwa shabaha. Upande wa kusini bonde lilijifungua lote kwa mara moja: mashamba yaliyorudi kuwa nyasi, ua za miti zilizokua ovyo, kipande cha msitu, na mbele yake bahari ya kijivu. Hakuna waya wa umeme wala nyumba mpya, wala hoteli. Ukanda wote wa pwani hii uko katika orodha ya UNESCO ya urithi wa dunia tangu 2001, na sehemu nyingine zake zimejaa magari ya watalii. Hapa nilisikia ng'ombe tu.

Kila mahali kuna mabango: usitoke kwenye njia, usiguse kitu chochote cha chuma. Njia salama zimewekewa nguzo za manjano. Makombora ambayo hayakulipuka bado yamelala ardhini, na mtoto wa kaka yangu alinishika mkono kana kwamba ndimi mtoto.

Tyneham ni mahali pa kale. Kimeandikwa katika daftari kubwa la mali alilolifanyisha mfalme William mwaka 1086, kwa jina la Tigeham, na wenye kujua lugha ya kale wanasema maana yake huenda ni zizi la mbuzi. Zizi la mbuzi! Nilipenda sana. Jina la namna hiyo halipewi na mfalme, hupewa na watu wanaoamka alfajiri kuhesabu mifugo yao.

Jambo la kwanza unalolikuta kijijini ni safu ya nyumba za mawe zilizoshikana, na mbele yake kibanda cha simu. Wengi tumezoea kuviona vibanda vyekundu vya simu vya Uingereza kwenye picha. Hiki ni cha aina ya kwanza kabisa, cha zege jeupe, na kilisimikwa mwaka 1929 mbele ya posta ya kijiji. Hiki kinachoonekana leo si kile chenyewe. Mwaka 1985 watengeneza filamu walikuja kupiga picha ya habari za vibarua wa Tolpuddle, wale wa mkoa huu huu waliohukumiwa mwaka 1834 kupelekwa Australia kwa sababu ya kuunda chama cha kudai ujira. Katika kazi hiyo kibanda kikavunjika, na kikaletwa kingine cha aina ile ile.

Safu ya nyumba haina paa. Unaingia kwenye chumba kilichokuwa jikoni, unaona meko ukutani, na ukiinua macho unaona meko mengine yanaelea juu yako ukutani, ya chumba cha kulala ambacho sakafu yake imeshaoza na kuondoka. Tundu la dirisha limebaki, kioo hakipo. Katika kila nyumba wameweka bango lenye picha na habari za waliokaa humo: mchungaji wa kondoo, kibarua wa shamba, mwenye posta na duka. Nilisoma mabango yote. Mpwa wangu alitangulia, akarudi, akatangulia tena, akarudi tena, mpaka akatulia na kuanza kusoma na yeye.

Jambo moja lilinigusa kuliko mawe yenyewe. Nyumba hizi hazikuwa mali ya waliokaa ndani. Bonde lilikuwa la familia ya Bond tangu 1683, nao waliishi katika jumba kubwa la karne ya 16 lililofichwa msituni. Wengine wote walikuwa wapangaji. Maji walichota kwenye bomba la kijiji. Kwa hiyo picha zinazowaonyesha wakitabasamu mlangoni nilizitazama kwa makini, maana nawajua watu wanaotabasamu mbele ya kamera huku miguu imelowa.

Shule

Niliiacha shule makusudi iwe ya mwisho kabla ya kanisa. Ni jengo dogo la mawe lenye paa lake, limekarabatiwa na kupangwa kama lilivyokuwa miaka ya 1920. Kuna madawati, ramani, kabati, na kazi za watoto kuhusu maua na ndege wa bonde. Mwalimu aliwatoa nje kuangalia, wakarudi kuandika walichokiona. Somo zuri hilo. Nilijisikia niko kwa mwenzangu.

Misumari ya makoti ipo, na majina yapo. Nilisimama pale muda mrefu. Mpwa aliniuliza, "Shangazi, unalia?" Nikamwambia hapana, ninaita mahudhurio. Na kweli niliyasoma majina yote kwa sauti ya chini, moja baada ya jingine, kama nilivyofanya kila asubuhi ya maisha yangu ya kazi. Hakuna aliyejibu, lakini nisingeweza kutoka bila kufanya hivyo.

Hapa nilijifunza kitu nilichokuwa sikijui nilipoiona ile picha. Nilidhani shule ilifungwa na wanajeshi. Sivyo. Ilifungwa mwaka 1932, miaka 11 kabla ya wanajeshi kuchukua kijiji, kwa sababu watoto walikuwa wamepungua mno. Waliobaki wakawa wanapelekwa kijiji cha jirani, Corfe Castle, kusoma. Mashine zilipunguza kazi za shamba, vijana wakaenda mijini, na vita vya kwanza vya dunia vilikuwa vimeshachukua wengine. Mwalimu yeyote wa kijijini anaijua dalili hii. Darasa likianza kuwa na viti vitupu, yapo mambo yameshaamuliwa mbali na hapo.

Hilo halipunguzi lililotendeka baadaye. Ila linanizuia kusema kwamba kijiji kilikuwa kizima kabisa mpaka barua ilipofika.

Barua na kikaratasi

Barua ilifika Novemba 1943. Jeshi lilihitaji bonde lote na maeneo yanayolizunguka kwa mazoezi ya vifaru, maana maandalizi ya kuvuka bahari kwenda Ufaransa yalikuwa yameshika kasi, na kambi za vifaru za Lulworth na Bovington ziko jirani. Watu walitakiwa wawe wametoka kabla ya tarehe 19 Desemba. Kama mwezi mmoja tu, na katikati ya majira ya baridi, Krismasi ikiwa mlangoni. Jumla ya waliohama ilikuwa watu 225. Barua yenyewe ilikiri kwamba si kitu kidogo wanachoombwa kukitoa.

Wapangaji wengi hawakuwa na cha kulipwa fidia, kwa kuwa nyumba hazikuwa zao. Walilipwa thamani ya mboga zilizokuwa bustanini. Niliisoma sentensi hiyo mara mbili, nikamwita mpwa wangu aje aisome. Kabichi zikahesabiwa, vitunguu vikahesabiwa, na miaka ya babu na bibi haikuwa na safu yake kwenye daftari.

Walipoondoka, Evelyn Bond wa lile jumba kubwa aliandika kikaratasi kikabandikwa kwenye mlango wa kanisa. Kwa Kiswahili ni kama hivi: Tafadhali litunzeni kanisa na nyumba. Tumeziacha nyumba zetu, ambazo wengi wetu tumeishi humo vizazi kwa vizazi, ili tusaidie kushinda vita na watu wabaki huru. Tutarudi siku moja, na tunawashukuru kwa kukitendea kijiji hiki wema.

Hawakurudi. Waliamini kuwa vita vikiisha watarejeshewa, na vita viliisha 1945. Mwaka 1948 serikali ikanunua eneo lote kwa lazima, likawa la jeshi moja kwa moja. Mwaka 1968 wanaharakati wakiongozwa na Rodney Legg walianza kudai bonde lirudishwe. Mwaka 1973 kamati ya Lord Nugent, iliyochunguza ardhi za jeshi, ilipendekeza jeshi liondoke hapa, lakini mwaka uliofuata serikali ilikataa. Kilichopatikana ni ruhusa ya raia kutembea humu siku zisizo za mazoezi, kuanzia 1975.

Kanisa la Mtakatifu Maria limesimama. Sehemu ya kuta zake ni ya karne ya 13, na paa halivuji. Ndani kuna maonyesho ya habari za kijiji, na kumbukumbu za familia ya Bond zimejaa ukutani. Makaburi ya nje yamefyekwa vizuri. Nililigusa jiwe la mlango kwa kiganja. Kati ya yote waliyoyaomba kwenye kile kikaratasi, kanisa ndilo lililotunzwa. Jumba kubwa halikupona: sehemu yake kubwa ilibomolewa mwishoni mwa miaka ya 1960, vipande vyake vizuri vikachukuliwa kupamba majumba mengine ya Dorset, na mabaki yake hayafikiwi na raia mpaka leo.

Siku ya tatu, Jumapili

Leo tumerudi bondeni mapema na kushuka mpaka baharini. Njia inafuata kijito chini ya miti, kama kilomita moja na nusu, rahisi hata kwangu. Mwisho wake ni ghuba ya Worbarrow. Hapa palikuwa na kitongoji cha wavuvi, nyumba chache tu, na habari zao ndizo zilizonifanya nijisikie nyumbani. Walikuwa wanavua vibua. Mtu mmoja alikaa juu kilimani akitazama maji, na akiona kundi la samaki linapita, maji yakibadilika rangi, anawapigia kelele walio chini. Mashua inatoka, inazungusha juya, kisha waliobaki pwani wote wanavuta kamba. Nilimwonyesha mpwa wangu mahali pa kuvutia. Yeye amekulia mjini na juya hajawahi kulivuta. Nilimweleza jinsi mguu unavyozama mchangani na kamba inavyochoma viganja, akanisikiliza kwa heshima ya mtu aliyeona bahari hii na bahari ile katika sentensi moja.

Nyumba za wavuvi zimebaki misingi na kuta za kufika kiunoni. Pwani bado ina zege la mwaka 1940, lililowekwa kuzuia vifaru vya Wajerumani visipande kutoka majini. Pembeni kuna mwamba uliojitokeza baharini kama pua, unaitwa Worbarrow Tout, na kwenye mawe yake zimepatikana nyayo za dinosaria.

Saa tano tulianza kupanda Flower's Barrow. Sitasema mengi kuhusu mpando huo, isipokuwa kwamba nilipumzika mara sita na sioni aibu. Juu kuna ngome ya zama za chuma, zaidi ya miaka 2,000, matuta yake ya udongo bado ni marefu kunizidi. Nusu ya ngome haipo. Bahari imekula mwamba wa chokaa chini yake, na kidogo kidogo ngome inaporomoka majini. Ukisimama mbali na ukingo, kama mabango yanavyotaka, unaona matuta yanakwenda vizuri kisha yanakatika ghafla hewani.

Ngome hii ina kisa kilichonifurahisha. Mwaka 1678, jioni moja ya Desemba, watu wa eneo hili, akiwamo nahodha John Lawrence wa Grange, waliona jeshi kubwa likishuka kutoka Flower's Barrow na kupita kwenye vilima, na silaha zikisikika zikigongana. Habari zilipelekwa London. Huko Wareham wanaume waliitwa na daraja likazibwa. Jeshi halikufika. Hapakuwa na jeshi. Nilikaa kwenye nyasi nikifikiria jinsi watu hawa walivyoogopa askari wasiokuwapo wakitokea mlima huu huu, na miaka 265 baadaye askari wa kweli wakaja, kwa barua yenye adabu.

Kutoka huko juu nilimwona kozi. Alipita chini yetu, si juu yetu, akaelekea miamba ya Gad Cliff ambako huzaa. Kwa kuwa hapajalimwa kwa dawa wala kujengwa kwa miaka zaidi ya 80, bonde limejaa ndege, vipepeo na maua ambayo kwingine yamekwisha. Kuna watu wanasema jeshi ndilo lililoliokoa. Mpwa wangu alilisema hilo, na nilikaa nalo njia nzima ya kushuka. Ni kweli kwamba kama watu wangerudi, huenda leo safu ile ya nyumba ingekuwa ya matajiri wa mjini wanaokuja wiki mbili kwa mwaka, kama ilivyo vijiji vingi vya pwani hii. Lakini nikamjibu kwamba mtu aliyepewa ahadi haulizwi kwanza kama angeitumia vizuri.

"Sawa shangazi," alisema. Kisha baada ya hatua kadhaa: "Lakini kozi naye hana pa kwenda."

Sikuwa na jibu la hilo, na bado sina.

Siku ya nne, Jumatatu

Tulipaswa kwenda moja kwa moja kulitazama boma la Corfe Castle, kisha Southampton. Nilimwomba tupite kwanza barabara ya juu. Tulilikuta lango limefungwa na bendera nyekundu inapepea. Hakuna gari jingine. Tulishuka tukasimama pembeni, baridi ikipenya kwenye koti.

Mlio wa kwanza ulinishtua. Ulikuja kama mlango mkubwa uliobamizwa, halafu mwangwi ukatembea kwenye vilima. Wa pili, wa tatu. Wanatupa makombora yao upande wa kaskazini wa mgongo, kwenye vile vifaru vyenye kutu, si kijijini. Hata hivyo darasa lile liko nyuma ya mgongo huo huo, na nilikuwa nawaza kama madirisha yanatetemeka.

Corfe Castle tuliiona kwa haraka. Ni boma la mawe juu ya kilima, limevunjika vibaya sana, minara imelala upande. Mary Bankes alilitetea dhidi ya jeshi la bunge katika vita vya wenyewe kwa wenyewe, na lilipotekwa mwaka 1646 bunge likaagiza livunjwe kwa baruti. Watu walikuwa wengi, watoto wa shule wamevaa makoti ya mvua, mwalimu wao anawahesabu langoni. Shule ya kijiji kilicho chini ya boma hili ndiyo iliyowapokea watoto wa mwisho wa Tyneham.

Wakati wa kurudi tulipita Sandford. Nilimwambia mpwa wangu aendeshe polepole. Ni nyumba za kawaida zilizojengwa na halmashauri, zina bustani ndogo mbele. Mzee mmoja alikuwa ameinama akichimba karoti. Aliinua mkono kutusalimia kwa kuwa gari lilikuwa linakwenda taratibu sana, na mimi nikainua wangu.